Kidole Kisichofua

Mimi na wifi yangu tumegombana kwa kila kitu ambacho watu wa nyumba moja wanaweza kugombania: kamba ya kuanikia, chumvi, hata huyo mwanamume mmoja ambaye kwangu ni mume na kwake ni mdogo wake. Kwa hiyo nikisema yule mwanamke ni jeuri wa kupigiwa mfano, mjue sisemi kwa mapenzi. Nasema kwa sababu nilikuwepo.

Mtaani wanamwita Mama Povu. Alifua mashuka ya hoteli moja kubwa tangu usichana wake mpaka mvi zikamtoka, kwenye chumba cha chini kisicho na dirisha. Mashine za hoteli zilikuwa zinaharibika kila mara, na mikono yake haikuwa na ruhusa ya kuharibika. Sabuni yenyewe ilikuwa kali ya kubandua rangi ya mlango. Halafu asubuhi moja wafanyakazi wakafika wakakuta kufuli getini. Mwenye hoteli kaondoka na kiinua mgongo chao, hata kwaheri hakuna. Tangu hapo wifi anafua nguo za watu uani kwetu. Mimi namsaidia kuanika, na mume wangu anasaidia kutoa ushauri.

Mikono yake ungeiona! Ncha za vidole zimekuwa laini, zinateleza kama kipande cha sabuni kilichobaki kwenye beseni, na kwenye viungo ngozi imepasuka inatoa damu. Daktari alimwambia aache kufua. Akamjibu, "Nikiacha, utanilisha wewe?"

Kidole kimoja tu kilisalimika, kile cha mwisho cha mkono wa kushoto. Utotoni kilibanwa na mlango, kikapona kimenyooka wima, hakikunjiki. Akifua, wenzake wanasugua, chenyewe kimesimama pembeni kikavu. Tulikiita Bi Harusi. "Wifi," nilikuwa namchokoza, "huyu mwenzio kaja kutembea tu, hata beseni halisogelei."

Basi, redio ikatangaza kwamba serikali inashikilia pesa za watu ambazo hazijadaiwa: akaunti zilizosahauliwa, malipo ya kampuni zilizokufa. Unatuma namba ya kitambulisho kwa simu, unajibiwa kama una chako. Nikatuma ya wifi, kwa utani tu. Majibu yakarudi: ipo. Kumbe yule mwenye hoteli alibanwa na mahakama akatapika kiinua mgongo cha watu, na hakuna aliyetuambia. Pesa imekaa huko miaka yote, sisi huku tunanuniana kwa chumvi!

Wifi hakupiga hata kigelegele. Aligeuza beseni, akalikalia, akasema, "Mashine mbili za kufulia. Naziweka chumba cha mbele. Mikono hii ipone." Hakutaka kingine. Ila ujumbe ule ule ulisema mwisho wa kudai ni mwisho wa mwezi ujao. Baada ya hapo pesa inaingia mfuko mkuu, na nani aliyewahi kukiona tena kilichoingia huko?

Tukaenda. Ofisi ina viti vya chuma vilivyoungana, na karani ni kijana mwenye shati lililopigwa pasi vizuri sana. Wifi aliikagua kola kabla ya kumsalimia. Akasogezewa kimashine chenye kioo. Dole gumba la kulia: taa nyekundu. La kushoto: nyekundu. Vidole vya shahada, kimoja kimoja: nyekundu, nyekundu. Karani akafuta kioo, akarudia. Nyekundu.

"Mama, hutambuliki," akasema.

"Hotelini walinitambua kila alfajiri."

"Alama zimefutika. Kapumzishe mikono, usiguse sabuni, paka mafuta. Urudi kabla muda haujaisha."

Nilitoka pale nawaka. Pesa ya kumwachisha mtu kufua, haipati mpaka kwanza aache kufua! Nani anakaa akatunga mambo haya, na nguo zake anafuliwa na nani?

Nje mlangoni akatudaka dalali, viatu vinang'aa kuliko uso wake. Akanong'ona kwamba ana mtu wake ndani, mashine itarukwa, yeye achukue nusu tu. Wifi alimpita kama nguzo ya umeme. Lakini mume wangu alipopata habari nyumbani, macho yakamng'aa.

"Dada, kubali. Nusu shari kuliko shari kamili. Peke yako hutaweza, kidole kimoja hakivunji chawa."

"Nimefua mimi," wifi akasema, "nimeanika mimi, halafu aje kuanua yeye? Thubutu!"

"Lakini dada..."

"Wewe usinidada. Kesho unafua."

Hakuwa anatania. Alikaa kwenye kigoda, mafuta mpaka viwikoni, akatuendesha mimi na mdogo wake kama punda. "Hiyo ni kola au barabara ya vumbi? Rudia!" Mume wangu alianza kwa kucheka. Wiki haikuisha, vidole vikamchubuka, akawa anashika kikombe kwa viganja. Habari ya nusu hakuitaja tena.

Jioni moja nilimkuta wifi peke yake, kaigeuza mikono kwenye mwanga wa mlango, machozi yanamtoka bila sauti. Sijawahi kumwona hivyo, hata msibani.

"Wifi," akaniambia, "nikifa leo, watajuaje kuwa ni mimi?"

"Kwa ubishi," nikamjibu.

Akacheka huku analia. Nami nikalia, kwa uchungu na kwa hasira, maana nilimwona yule mwanamke kanyonywa mpaka ncha za vidole, na sasa anaambiwa hayupo.

Muda ulipokaribia kwisha tukarudi. Magumba, nyekundu. Shahada, nyekundu. Karani akavuta pumzi.

"Pole, mama. Sina la kufanya. Anayefuata!"

Wifi hakuinuka. "Umejaribu vinne. Mungu kanipa kumi."

"Utaratibu ni magumba na shahada."

"Siku ya kujiandikisha kitambulisho mlivichukua vyote kumi, mkanipaka wino mpaka kiganjani. Mlivitakia nini, urembo?"

"Mama, foleni ni ndefu."

"Na hiyo foleni nayo ina vidole."

Nyuma yetu alikuwepo mwashi mmoja. Akaitazama mikono yake mwenyewe iliyoliwa na saruji, akapaza sauti, "Mjaribu vyote! Leo ni yeye, kesho ni mimi." Wengine wakadakia. Mimi nilishapanda juu ya kiti, na niliyoyasema siwezi kuyarudia hapa. Askari akaitwa, akaingia, akaiangalia foleni ile, akakumbuka ana kazi nje.

Karani akasalimu amri. Vya kati, nyekundu. Vya pete, nyekundu. Cha mwisho cha kulia, nyekundu. Wifi alikuwa tayari anavuta pumzi ya kutukana, nami nawaza yale mabeseni yanayotungoja.

"Bado kimoja," mwashi akasema.

Wifi akakiangalia kama amekutana nacho barabarani. Akakiweka, kimenyooka vile vile.

Kijani.

Jina lake likatokea kwenye kompyuta, na picha yake ya enzi zile, mashavu yamejaa. Wifi aliitazama picha, akakitazama kidole, kisha akamgeukia karani.

"Hivi tisa vimefanya kazi maisha yao yote, serikali haivijui. Hiki hakijawahi kufua hata leso, ndicho mnachokitambua! Wala sishangai."

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Karani mwenyewe alicheka, mkono mdomoni, mwingine unagonga muhuri. Mimi nilishuka kwenye kiti nikamkumbatia wifi yangu mbele za watu, jambo ambalo hatukuwa tumelifanya tangu nilipoolewa. Akanisukuma kwanza, kisha akaniacha.

Nyumbani alikwenda moja kwa moja kwa mdogo wake, akamsimamishia kile kidole mbele ya pua. "Haya, bwana methali. Lete huyo chawa."

Mashine zikaja, nyeupe, mbili, zikajaa chumba cha mbele. Uani mabeseni tumeyalaza kifudifudi. Fundi alipomaliza kuunganisha maji, alimwonyesha wifi kitufe, akasema abonyeze. Wifi akanyoosha dole gumba la kulia kwa mazoea, bado lina mpasuko mbichi. Akalirudisha.

"Nyie tisa pumzikeni," akaviambia vidole vyake. Kisha akauleta mkono wa kushoto. "Na wewe Bi Harusi, fungate imekwisha. Kazini!"

Akabonyeza.