Kimya Chini ya Turubai

Keti, msikilizaji wangu, maana jambo hili halielezeki kwa haraka, na mimi sipendi kumwacha mtu njiani. Nitakueleza tulivyofundishwa kunyamaza, kisha nitakueleza siku niliponyamaza.

Chuo chetu kilikuwa Karagwe, majengo machache katikati ya kahawa na migomba. Nilisomea maendeleo ya jamii, na somo la mawasiliano na kuzungumza mbele ya watu lilikuwa la lazima. Wengi tuliliogopa. Nyumbani tunasema Kinyambo; Kiswahili tulikikuta shuleni, na msichana aliyelelewa vizuri huongea na wakubwa macho yakiwa chini. Sasa mwalimu anataka uinue uso na utoe sauti kutoka tumboni. Kama nawe somo hili linakutisha, usijione mjinga. Mwili wako umefundishwa kinyume tangu utotoni, na kuufundisha upya huchukua muda. Huwezekana.

Darasa letu lilikuwa kando ya barabara. Bodaboda ikipita, sauti ya anayezungumza ilimezwa, nasi tulizoea kupiga kelele kushindana nayo. Mwalimu akatukataza.

"Pikipiki haichoki," alisema. "Utachoka wewe. Nyamaza, watazame watu, iache ipite, halafu uendelee."

Hilo nililishika upesi kuliko mengine yote. Kunyamaza nilikuwa nakujua.

Mama yangu alikuwa mgonjwa kwetu Isingiro, upande wa Kyerwa. Hospitali walishatuambia tumrudishe nyumbani, nami nilikwenda kila nilipopata ruhusa. Mama alitoka Burundi akiwa mtoto, wazazi wake wakifanya vibarua kwenye mashamba ya watu. Alipoolewa na baba, ukoo uliwapa kipande cha kilima chenye mawe. Baba alifariki nikiwa mdogo. Mama peke yake ndiye aliyekigeuza kipande kile kuwa kibanja, migomba na kahawa ikiizunguka nyumba pande zote. Alibeba samadi kichwani kutoka kwa majirani wenye ng'ombe, akatandaza nyasi mwaka hadi mwaka mpaka udongo ukawa mweusi. Lakini ukoo ulikuwa na sentensi yake, na haikukosa harusi wala msiba: huyu tulimpokea, tukampa kibanja.

Alasiri moja aliniuliza tunasoma nini siku hizo. Nikamwambia hotuba.

"Basi nisemee ya kwangu."

"Ipi, mama?"

"Ya kaburini. Usinitolee macho. Si wewe unayesomea?"

Kwetu mtu aliye hai hasemewi hivyo. Ni kama kuwaita wachimba kaburi. Nilikataa. Akasema nifunge mlango kama nawaogopa majirani. Nikasimama kando ya kitanda, nikaanza, "Wapendwa waombolezaji."

"Unaongea kama diwani anayeomba kura," akanikatiza, akacheka mpaka akakohoa. Alipotulia akasema, "Mengine weka utakavyo. Nilibatizwa, niliolewa, niliimba kwaya. Lakini sema migomba niliipanda mimi. Baba yako mkubwa akiwa amekaa pale mbele, useme. Nimechoka kupewa shamba langu."

Nikamwahidi.

Alifariki kahawa zikianza kuiva. Baba mkubwa, kaka yake baba, alikubali nisome wasifu kwa kuwa nilikuwa msomi wa nyumba. Siku ya maziko, watu wakiwa wamekaa chini ya turubai uani kwetu, mwinjilisti akanikabidhi kipaza sauti. Niliinua uso. Nikasema alikozaliwa, ubatizo wake, ndoa yake, kwaya. Sauti haikutetemeka. Nilipofika kwenye maneno "Kibanja hiki mnachokiona," mvua ikalishukia turubai kama changarawe iliyomwagwa. Spika haikusikika tena. Nami nikafanya nilivyofundishwa: nikanyamaza, nikawatazama watu, nikasubiri.

Hapa nisikilize vizuri. Kwetu mfiwa akinyamaza katikati ya maneno, watu wanajua amezidiwa na anakaribia kuanguka. Hakuna anayemwacha amesimama pale. Ni huruma, tena ni adabu. Shangazi akainuka, akanishika kiuno.

"Njoo, mama, njoo. Imetosha."

"Silii, shangazi. Nasubiri mvua."

"Najua, mwanangu. Lia tu."

Mama mmoja wa kwaya akanishika mkono wa pili. Baba mkubwa akanipokea kipaza sauti taratibu, kama mtu anayempokea mgonjwa mzigo. Wakanikalisha mkekani, wakanifunika kanga. Nikaisema sentensi yangu palepale, chini ya ile kanga. Shangazi akanipapasa mgongo na kuniambia nitulie, nitulie.

Mvua ikapungua. Maneno ya baba mkubwa yakasikika mpaka barabarani.

"Binti yetu amezidiwa, nimmalizie," alisema. "Shemeji yetu huyu tulimpokea hana kitu, tukampa kibanja, naye alikitunza vizuri."

Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mwinjilisti akatangaza wimbo, jeneza likabebwa kupita kati ya migomba. Wengi hawakuwa na habari kwamba kuna neno lililobaki. Nilimfuata mama nikiwa nimeshikwa mikono yote miwili, na kila aliyenitazama alinionea huruma kwa jambo jingine.

Hakuna aliyenikusudia mabaya, na hilo ndilo linalonielemea hadi leo. Wajukuu wa ukoo wakipita hapa huambiwa kibanja hiki alipewa bibi yule wa Burundi. Nimewasahihisha mmoja mmoja. Wanaitikia kwa heshima, lakini neno la nyumbani halina uzito wa lililosemwa msibani mbele ya wote. Mwalimu wangu hakukosea. Kelele zikizidi, kunyamaza ni sahihi. Ila darasani wote tulijua maana ya kimya kile, na pale chini ya turubai nilikuwa nikiijua peke yangu.

Kwa hiyo ukiombwa kusema msibani, mfuate anayeongoza ibada kabla hujasimama. Mwambie kelele zikitokea utanyamaza kidogo, na kwamba hutakuwa unalia. Mwombe asimruhusu mtu yeyote kukupokea kipaza sauti. Kisha simama, na lile neno ulilotumwa liseme la kwanza.