Kopo la Sukari ya Wageni

Kosa langu lilianzia kwenye haraka. Nilikuwa nafundisha sayansi shule ya msingi huku Maruku, nikawaagiza wanafunzi walete sukari, kijiko kimoja kimoja. Binti mmoja, hodari kuliko wote, akaleta kopo zima. Bibi yake aliitunza kwa ajili ya wageni wa Jumapili, alisema, lakini hakuna neno, maana mwalimu ameshafundisha kwamba sukari ikiyeyuka haipotei.

Ningemrudisha nayo nyumbani. Lakini napenda kuaminiwa, ndiyo tabia yangu, nikaimimina yote kwenye sufuria ya maji mbele ya darasa.

"Itarudi yote," nilimwahidi.

Maji yale yalitakiwa kuachwa kwenye sahani pana, yakauke polepole kwa siku kadhaa. Mvua haikutupa jua, nami sina subira. Nikabandika sufuria kwenye jiko la mkaa, nikaenda ofisini mara moja. Niliporudi, sukari ilikuwa nyeusi kama lami. Yule binti ndiye aliyeisugua sufuria kwa majivu.

Ijumaa bibi yake akaja shuleni. Aliniletea kahawa ya kutafuna, imefungwa vizuri kwenye jani la mgomba, kama apewavyo mgeni wa heshima.

"Mwalimu, waitu," alisema, kwa neno la heshima la huku, "mjukuu wangu anasema sukari bado unaikausha. Nimekuja kuona kama imekauka."

Niliona aibu hadi masikio yakapata moto. Nilikuwa nimenunua nyingine dukani, imo kabatini ndani ya kopo lake. Kusema ukweli kungechukua dakika moja tu. Badala yake nikamkabidhi kopo kwa mikono miwili.

"Imekauka, Ma. Ndiyo hii."

Bibi akaonja, akacheka, akasema wasomi si watu wa mchezo. Mjukuu wake alikuwa amesimama mlangoni, ananitazama. Nikatia buni mdomoni ili nisiongee zaidi.

Mwisho wa muhula niliuliza kwenye mtihani: eleza namna ya kuipata tena sukari iliyoyeyuka kwenye maji. Wenzake walieleza sahani na jua. Yeye, ambaye hakuwahi kukosa swali langu, aliandika: "Mwalimu ananunua nyingine, halafu anasema ndiyo ile."

Nilimpa alama zote. Huwa naandika "Vizuri sana" pembeni, lakini siku ile mkono ulikataa.