Mguu wa Shemeji Fundi Redio

Baba yangu alikuwa na maksai mweusi kule Ndalambo. Siku moja, mvua za kwanza zimeshanyesha na kila mtu yuko shambani, yule maksai alilala chini na nira shingoni, akakataa kulima. Mwenzake akabaki amesimama, shingo imevutwa upande, kama mtu anayesoma tangazo lililobandikwa chini sana. Baba akapiga. Jirani akaja, akasema hapigwi hapo, anapigwa hapa, naye akapiga. Mwingine akashauri avutwe mkia. Mwingine akasema apakwe pilipili puani, wakatumwa watu kutafuta pilipili. Mimi siku hiyo nilikuwa nimetoroka shule, na shule yenyewe niliiacha darasa la tatu, sababu ningeieleza lakini hainipi sifa.

Pilipili ilipofika, wanaume wanne walikuwa wameketi pembeni wanahema, maksai hahemi. Jua lilipopoa akaamka mwenyewe, akajikung'uta, akaelekea nyumbani, na mwenzake akaburutwa naye. Baba akasema, "Huyu ana ubishi." Kabla mahindi hayajakomaa akauzwa, akaliwa.

Nimeishi kiasi, na nimeona kwamba kukataa ni kulekule, ila jina linabadilika kwa kutazama nani amekataliwa. Maksai akimkataa baba, ni ubishi. Mke akikataa, ana kiburi. Madereva wa malori wakikataa kuwasha injini pale mpakani ni mgomo, na wanaletewa askari. Mwenye cheo akikataa, hiyo sasa inaitwa msimamo, anapigiwa makofi. Nilikuwa sijui kwamba hata vidudu visivyoonekana navyo vinakataa, tena vina jina lao. Hayo niliyajua kwa sababu ya mguu wa shemeji yangu, mume wa dada yangu.

Shemeji alikuwa fundi redio hapa Tunduma. Miaka ya mwisho watu walikuwa wanamletea sabufa na chaja za simu, lakini jina lilibaki lilelile. Meza yake ilikuwa kando ya barabara kuu, malori yanapita karibu kiasi kwamba vumbi lao lilikuwa sehemu ya kila redio aliyoitengeneza. Tangu magoti yangu yakatae jembe, nami nilikuwa nakaa kwenye benchi lake kutwa nzima, nasalimia wateja na kuwaambia fundi yupo, wakati wanamwona.

Siku moja alinionyesha kadude kadogo kama punje ya mchele iliyovaa mikufu ya rangi.

"Hii ni resista," akasema.

"Kazi yake?"

"Kukataa."

"Kukataa nini?"

"Umeme unakuja na fujo, kama malori haya. Huyu anasimama mlangoni, anasema piteni wachache. Wanaozuiwa wanamsukuma, anapata joto. Kazi yake ndiyo hiyo, shemeji. Kupata joto ili wengine waimbe."

"Kama wewe na mtendaji," nikamwambia. Akacheka mpaka akaweka chini chuma cha kuchomelea.

Maana mtendaji wa mtaa alishakuja mara mbili na mgambo kutaka meza ihame. Mara ya tatu nilikuwepo.

"Mzee, nilikwambia uhamishe hii meza."

"Naihamisha."

"Lini?"

"Nimeanza kuihamisha moyoni. Huko ndiko kugumu, kukiisha huko hiyo mbao ni kazi ndogo."

Watu wakaangua kicheko, na mtendaji akifanyiwa kicheko anakuwa mbaya. Akaamuru meza ibebwe. Mgambo wakaibeba mpaka nyuma ya soko, mahali ambapo hata mbuzi hawaendi. Shemeji akabaki amekaa kwenye kigoda palepale, redio mapajani, anachomelea. Alikaa hivyo wiki nzima. Halafu sabufa ya mtendaji ikafa, tena siku chache kabla ya harusi ya binti yake. Meza ilirudi mabegani mwa mgambo walewale. Mtaa mzima ukamwita shemeji mpinzani, yeye ambaye hajawahi kushika kadi ya chama chochote, na siku ya kura huwa anaumwa kichwa.

Sasa, fundi huyu alikuwa na sheria moja ya kazi, nayo ndiyo nataka muikumbuke. Redio ikishaimba, unafunga kifuniko. Hapo hapo. Huchokonoi tena. Alikuwa akiwacheka mafundi vijana, wanaopata sauti halafu wanaendelea kutafuta ubovu wa pili. "Wanaupata," alikuwa anasema, "maana wanauleta wenyewe." Kwa redio alikuwa sahihi. Sijawahi kuona redio yake imerudishwa.

Wachimbaji wa kule Mkwajuni wakamwita akawatengenezee mashine yao ya kunusia dhahabu. Akaenda kwa bodaboda. Mashine akaitengeneza, lakini katika kushuka kwenye pikipiki shavu la mguu likagusa egzosi ya moto. Alama ikabaki, kubwa kama biskuti. Jambo dogo, nusu ya mji huu tuna alama hiyo.

Kwetu dawa ya kidonda ni rangi mbili. Ukimwuliza mtu inaitwaje hasa, anakushangaa. Ni rangi mbili, kidonge cha gamba, upande rangi hii na upande rangi ile. Unakifungua, unamwaga unga wake juu ya kidonda, na kingine unameza ili kishughulikie kwa ndani. Na aliyekwenda kukitafuta ni mimi. Nasema mapema, ili asije akatokea mwingine kunisemea. Nilivuka ng'ambo, upande wa Zambia, kwa mama mmoja anayeuza na beseni. Sabuni, betri, nyembe na vidonge, vyote beseni moja.

"Mulishani, bamayo," nikamsalimia kwa lugha yao, yaani habari, mama.

"Bwino, babu. Unaumwa nini?"

"Si mimi."

"Basi chukua tu, hata yeye zitamfaa."

Huo ndio ulikuwa uchunguzi wa daktari. Shemeji akatumia viwili, kidonda kikakauka. Mguu umeimba, akafunga kifuniko. Vilivyobaki akavitia kwenye kopo la resista, na ukichungulia humo, vyote vina rangi, hujui kipi ni cha redio na kipi ni cha mtu. Kidonda kikafumuka, akatumia viwili tena, kikakauka. Katikati hapo mimi niliumwa jino nikala kimoja, na dada tumbo lilimkata akala kimoja. Dozi ya mtu mmoja tulikuwa tunaimega kama ugali. Tukaenda hivyo kutoka kilimo mpaka kilimo.

Ndipo wakaja watu wa semina. Walikuwa na gari zuri, soda, fulana za bure na kipaza sauti kilichokuwa kinapiga mluzi badala ya kusema. Shemeji akakitengeneza, ndiyo maana tukapata fulana mbili na viti vya mbele. Kijana wao akaeleza kwamba ukimeza dawa nusu, vidudu dhaifu vinakufa, vile vigumu vinabaki na kuzaana, mwisho dawa haiviwezi. Huo ndio usugu, akasema.

Shemeji akanyoosha mkono. "Kwa hiyo vidudu vimeambiwa vihame?"

"Ndiyo, mzee."

"Vikaletewa mgambo?"

Kijana hakujua habari za meza. "Tuseme hivyo, mzee wangu."

"Na vikabaki palepale vimekaa?"

"Hasa!"

"Basi mimi navipa heshima."

Watu walicheka mpaka soda zikamwagika. Nami nilicheka kuliko wote. Tulipofika nyumbani akaichana fulana yake kufungia mguu. Ilikuwa imeandikwa MALIZA DOZI, na neno la pili likakaa sawasawa juu ya kidonda.

Miezi miwili baadaye dada akaniita uani. "Kaka, njoo unuse."

Sikuhitaji kusogea. Tulimpeleka hospitali siku hiyohiyo, na yeye analalamika njia nzima kwamba ana sabufa tatu za watu. Wakachukua usaha wakaupima, na baada ya siku kadhaa muuguzi akatuita, mwanamke kijana mwenye sura ya kuchoka. Akapitisha kalamu kwenye karatasi. "Hii imekataa. Hii imekataa. Hii nayo imekataa. Mzee, mmekuwa mnampa nini huyu?"

Dada akanitazama. Mimi nikatazama dari, dari yao ina madoa ya mvua.

"Imebaki moja," akasema muuguzi, sasa anamtazama shemeji. "Ya sindano. Siku saba, asubuhi na jioni. Ukiiacha katikati, mzee wangu, safari ijayo sitakuwa na sindano. Nitakuita daktari wa msumeno."

"Hata ikibaki sindano moja?" dada akauliza.

"Hata ikibaki moja, mama. Mguu utaondoka, na kama vidudu vimeshapanda mwilini, hata mguu hautoshi."

Halafu akanigeukia. "Babu, wewe ni nani wake?"

"Shemeji."

"Basi mlinde."

Nikakubali kwa sura ya mtu mwema, asiyejua beseni lolote ng'ambo yoyote.

Siku ya kwanza na ya pili shemeji aliguna kila anapogeuka. Ya tatu akalala kama mtoto. Ya nne, baada ya sindano ya asubuhi, walipofungua bendeji nyama ilikuwa nyekundu safi, harufu hakuna. Muuguzi akafurahi, akasema kwa sauti, na hapo ndipo alipokosea. Shemeji akaukunja mguu, akaunyoosha, akaukunja. Akaniita kwa kidole.

"Shemeji. Unaimba."

Nikajua tumekwisha.

"Bado siku tatu na jioni hii," nikasema.

"Za nini? Unataka nitafute ubovu wa pili?"

Akaanza kuvaa shati. Muuguzi akaja mbio. "Mzee, rudi kitandani!"

"Binti yangu, kazi hii nimeifanya kabla hujazaliwa."

"Kazi gani, ya udaktari?"

"Ya kutengeneza."

"Mguu si redio, baba!"

"Ndiyo maana nauchukua bila kuonyesha risiti."

Wagonjwa wakacheka, hata aliyefungwa taya alijitahidi. Nilisikiliza vile vicheko na mara hiyo havikunichekesha. Tulikuwa tumemcheka hivyo mbele ya mtendaji, tukamcheka kwenye semina, na kila kicheko kilimwongezea msumari wa kushikilia alipokaa. Mtu akishasifiwa kwa kukataa, siku ya kukubali anaona kama anavuliwa nguo.

Dada akaingia na chupa ya uji. Alipomwona amesimama, aliiweka chini. Dada yangu si mtu wa kuomba. Nimekua naye, hata maji ya kunywa alikuwa anajichotea akiwa na homa. Siku hiyo alishika suruali ya mumewe kwa mikono miwili.

"Baba watoto, siku tatu tu. Nitakaa hapa chini na wewe. Tafadhali."

"Mke wangu, nikikaa na wagonjwa nitaugua." Akaivutavuta suruali taratibu mpaka ikatoka mikononi mwake. "Shemeji, nipe viatu."

Kimoja kilikuwa chini ya kitanda, akakivuta mwenyewe. Kingine, cha mguu mbovu, nilikuwa nimekikalia. Maisha yangu yote nimekuwa mtu wa ndiyo. Nimemwambia ndiyo baba, ndiyo mtendaji, ndiyo bamayo wa beseni. Nikasema, "Sikupi."

"Nipe kiatu."

"Sikupi, shemeji. Rudi ulale."

Akanitazama kama anavyotazama redio inayokataa bila sababu. Halafu akatabasamu, na nadhani alijivuna kwa ajili yangu.

"Haya," akasema. "Kaa nacho."

Akatoka. Dada akamfuata mpaka kwenye baraza, nami nyuma yake na kiatu mkononi. Hakuchechemea hata kidogo, alihakikisha hilo, alijua tunamtazama. Getini mlinzi akainuka kumsalimia, redio yake ilitengenezwa na shemeji. Shemeji akavuka barabara katikati ya foleni ya malori, mguu mmoja una kiatu, mwingine una bendeji nyeupe, akielekea upande wa mpaka, kule kwenye beseni la bamayo, wala si upande wa meza yake. Hakugeuka nyuma, na hakurudi tena, si hospitali, si nyumbani, si mezani.