Hakutaja Jina Langu

"Sitaji jina," alisema kwenye maiki, "ila hapa kijijini kuna mama wa mapacha, kaolewa kutoka Bweranyange. Alinitamkia kwa mdomo wake kwamba siku nyingine anatamani awaache watoto kitandani, aondoke, asirudi."

Mapacha kijijini kwetu ni wangu tu. Turubai zima liligeuka kunitazama.

Tulikuwa tunamuaga binti wa jirani anayeolewa, na yule bwana wa maiki kaalikwa kumfunda. Alikuwa mshauri nasaha wangu. Nilimwendea wanangu wakiwa na miezi miwili, usingizi sina, machozi hayakauki. Ukutani kwake kulikuwa na cheti kilichopigwa plastiki. "Ya humu yanafia humu, dada," aliniambia. Nikamwamini. Cheti chenyewe, nilikuja kukisoma vizuri baadaye, ni cha kuhudhuria semina ya siku tatu. Kuhudhuria! Hata aliyesinzia alipewa.

Niliinuka, sahani ya ndizi ikamwagika. "Ni mimi! Mbona waogopa kunitaja? Waambie pia uliniahidi nini!"

MC akafungulia muziki. Nikapaza sauti juu ya muziki. Bibi mmoja nyuma akadakia, "Mwacheni aseme! Mie mmoja tu alinitoa ulimi nje, sembuse wawili?" Wanawake wakacheka, wakapiga makofi, na mimi nikahisi damu inachemka kwa raha.

Nilipogeuka, mama mkwe keshamfunga pacha mmoja mgongoni, mwingine kampakata.

"Hawa watakaa kwangu. Sisubiri msiba."

"Mama, nakuheshimu, lakini nipe wanangu."

"Utapewa na kikao cha ukoo Jumamosi."

Mume wangu akabeba mfuko wa nepi, akamfuata mama yake.

Asubuhi nilikuwa kwa mtendaji wa kata kabla hajafungua mlango. Nikamwamkia, nikamweleza yote.

"Sasa nimshike kwa kosa gani? Kuongea?"

"Muuza duka ana leseni. Bodaboda ana leseni. Huyu anayepekua vichwa vya watu ana nini?"

Alikuna kidevu. "Hilo, mama, sijui ni sheria ipi inamgusa. Andika. Nitalifikisha kwa afisa ustawi wa jamii wilayani."

Nikaandika palepale kwenye benchi, maziwa yakilowesha blauzi. Tangu mtihani wa kidato cha nne sijaandika kwa kasi ile. Akagonga muhuri nakala mbili, moja nikabaki nayo. Inasema hivi:

"Nalalamika kwamba mtu asiye na taaluma wala wa kumsimamia alipokea siri yangu nikiwa mgonjwa wa uchovu, akaitangaza kwenye sherehe. Naomba azuiwe kushauri watu hadi athibitishwe na mamlaka, na kama sheria ya kumbana haipo, ofisi yako iwaandikie wanaotunga sheria. Wanangu wana miezi mitano, wananyonya, na sasa wanapewa maziwa ya ng'ombe kwa kijiko. Naomba uje mwenyewe kabla ya Jumamosi, uwaambie wakwe zangu kuwa mama aliyechoka si muuaji, nikabidhiwe watoto mbele yako."