Ukuta wa Senge Katika Ghala la Mahindi

Mimi ni mtu wa fremu. Kibanda changu kiko Kitale, nyuma ya soko, na kazi inayonilisha ni picha za harusi, picha za marehemu, na kalenda ambazo wenyewe hawataki kuzitupa hata mwaka ukiisha. Shule niliachia kidato cha pili. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani ninayoandika hapa nimeyasomea. Nimeyaona tu, na hata katika kuona sina hakika kama niliona yote.

Kando ya barabara ya kwenda Kwanza kuna ghala la zamani la mahindi. Mahindi yalihamishwa, likabaki na popo, kisha kamati ya watu wa mji ikalisafisha na kulifanya nyumba ya maonyesho. Wachoraji na wafinyanzi wa huku wakapata mahali pa kuweka kazi zao. Lakini mpangaji wa maonyesho alitoka Nairobi kila mara. Hiyo kazi wanaiita ukyureta: kuchagua kazi za wasanii, kujua ipi ikae wapi na ipi isikae kabisa, halafu kuwatembeza watu waione. Mimi niliitwa kukata vioo na kupigilia misumari.

Yule mama wa Nairobi aliyekuwa akiyapanga, watu walimsema sana, ati anakula kazi ya wenyeji. Lazima niseme ukweli: ni yeye mwenyewe aliyeambia kamati kwamba imetosha, wajaribu mtu wa hapa. Akanitaja mimi. Alisema nikimaliza kupiga msumari huwa narudi nyuma kuangalia, na wengine hawarudi. Sikujua kama mtu huonekana akifanya hivyo. Mwenyekiti wa kamati, mwalimu mstaafu ambaye sote tunamwita Mwalimu, alikubali shingo upande. Akaniambia mbele ya wote kwamba nimepewa onyesho moja. Likienda vizuri, kazi hiyo itabaki kwa wenyeji, na linalofuata litafanyika Bungoma. Likiharibika, watarudi kuajiri kutoka Nairobi na hawatalijadili tena.

Kwa hiyo sikubeba kazi yangu peke yangu. Nilibeba na ya yeyote wa huku ambaye angekuja kuitaka baada yangu, na huyo simjui.

Kazi niliyoitaka katikati ya ghala haikuwa picha. Ilikuwa ukuta. Senge, yaani dada ya baba yangu, anaishi karibu na Misikhu, huko Bungoma, na nyumba yake ya udongo ameisiriba kwa rangi tangu alipoolewa: udongo mweupe wa mtoni, mwekundu wa barabara ya kupanda Kapsokwony, mweusi wa masizi. Hachori kwa brashi, anachora kwa vidole na kwa gunzi la mahindi. Nikiwa msichana mdogo tulikuwa tukienda Krismasi, na mimi niliyezaliwa kwenye ploti ya simiti hapa Kitale nilikuwa nasimama mbele ya nyumba hiyo mpaka niitwe kula.

Hapo ndipo shida yangu ilipoanzia. Huyu ni shangazi yangu. Nikimweka katikati, si nitakuwa kama wale wanaoajiri jamaa zao? Nililala na jambo hilo siku kadhaa. Mwishowe nilienda kwa kijana wa Kapsokwony, mchoraji, ambaye kitambaa chake kikubwa cha magunia yaliyoshonwa pamoja, kikiwa na mlima mzima juu yake, kilistahili pale katikati kuliko kingine chochote. Nikamweleza wazi. Akasema yeye angependa katikati, ila ukuta hauwezi kuhamishwa na gunia linaweza. Hakufurahi, na simlaumu. Nikamwambia Mwalimu pia kwamba ni shangazi yangu, asije akalisikia kwingine. Alivua miwani akaifuta. Akaniuliza kama nimewahi kumwona akifanya hiyo kazi. Nikasema nimeona nyumba yake. Akasema hakuuliza hivyo.

Senge alikubali haraka, akaleta na jirani zake wanawake. Walisimamisha nguzo, wakafunga fito, wakakandika udongo pande zote mbili, ukuta peke yake katikati ya ghala bila nyumba. Ukaachwa ukauke wiki nyingi. Kila aliyepita aliuliza mlango uko wapi. Senge aliwajibu kwamba mlango wataletewa na serikali.

Ilipobaki siku moja, nilimwambia aje asiribe mkono wa mwisho, lile tabaka la juu lenye michoro. Alikuja na ndoo zake, akaziweka chini, akakaa juu ya moja.

"Nani anakuja?" akaniuliza.

Nikasema watu.

"Watu gani, mama? Mimi sisiribi nyumba ya watu. Nasiriba wakwe wakija. Nasiriba mtoto akienda jandoni. Nasiriba nikisikia wako njiani."

Sisemi hiyo ndiyo desturi ya Bungoma yote. Nimeuliza wengine, na wao husiriba wakati wowote wakipata nafasi. Yeye alifunzwa hivyo na mama yake, basi. Nikaanza kumhesabia ninaowajua: Mwalimu, mama wa Nairobi, kijana wa Kapsokwony, watu wa kamati. Akasema hao ni wenyeji wangu, hajaulizia wenyeji, ameulizia wageni. Nilikuwa nimebandika matangazo mji mzima lakini sikuwa na mtu hata mmoja wa kumtaja kwa jina kwamba amesema atakuja. Akafunika ndoo zake kwa gunia, akaenda kulala kwangu, akakoroma vizuri. Mimi sikulala hivyo.

Asubuhi ya onyesho, kabla ya chai, nilikimbia sokoni. Niliwaambia wanawake wa mboga, fundi cherehani, mzee anayenoa visu, yule mama anayeleta viazi kutoka Kwanza na ambaye wazazi wake walitoka upande wa Nyeri, wote ninaowatengenezea fremu. Wengine walicheka. Wengine walisema watafunga mapema waje. Nikarudi nikamwambia Senge majina yao na kila mmoja anauza nini. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akapandisha mikono ya sweta.

Hapo sasa nilimwona akifanya. Alichanganya mavi ya ng'ombe na udongo mweusi, akapaka ukuta mzima kwa kiganja, mkono ukienda kama unaosafisha uso wa mtoto. Halafu akaingiza vidole kwenye ndoo ya mweupe, akaanza kuchora juu ya umajimaji ule. Nami nikangoja kuona weupe. Haukuwepo. Udongo wake ulikuwa kama uji wa wimbi, ukiupaka juu ya unyevu unapotea. Mwekundu ukapotea vilevile. Alichora na kuchora, akazunguka upande wa pili, akapanda juu ya stuli, na kila alichochora kilimezwa. Alipomaliza, kulikuwa na ukuta wa matope, umelowa, rangi moja kutoka juu hadi chini.

Nilimuuliza kwa sauti ndogo kama imekubali.

"Iko na maji," akasema. "Ngoja."

Akanawa, akaenda kibanda cha jirani kula maharagwe na chapati. Aliniacha hapo.

Watu walianza kuingia. Mama wa viazi alikuja na gauni lake la kanisa. Fundi cherehani alikuja na futi lake la kupimia bado shingoni. Walizunguka picha za pembeni, wakazisifu, na zilistahili. Kisha wakafika katikati, wakatazama matope, wakanitazama mimi, wakatazama tena matope, wakaenda kwingine kwa heshima. Kwingine huko nilisikia kicheko. Mtu alisema ati shangazi amelipwa kuja kutupaka matope hapa mjini, na huko kwao yapo ya bure.

Mwalimu alikuja kwangu polepole. Hakuwa na ubaya, nataka hilo lieleweke. Alikuwa ameahidi watu wakubwa wa kaunti, na walikuwa njiani. Aliniambia kwa upole kwamba bado kuna wakati: tulete gunia la yule kijana, tulitundike mbele ya ukuta, na jioni litakuwa onyesho zuri. Na kwa kweli lingekuwa zuri. Yule kijana alikuwa tayari amesimama nyuma yake, gunia limekunjwa begani.

Nilimtazama mama wa Nairobi. Alikuwa karibu, akasikia yote, na hakusema kitu. Wakati ule nilimchukia kidogo. Sasa nadhani alininyamazia makusudi, lakini siwezi kuapa.

Kama ningekuwa najua kwamba weupe utatokea, ningejibu kwa nguvu. Sikujua. Sijawahi kuona ukuta ukikauka. Mimi niliukuta umekauka kila Krismasi. Ndiyo sababu Mwalimu alikuwa ameniuliza lile swali.

"Mwalimu," nikamwambia, "sijui kama itatokea. Lakini yeye amesema ngoja, na mimi ndiye nilimwita. Nitangoja."

Akasema basi nijue ninachongojea. Nikasema najua. Hilo halikuwa kweli kabisa.

Nilienda nikafungua milango yote miwili ya ghala, ile mikubwa ya malori. Upepo ukaingia ukatokea upande wa pili. Jua la Kitale likija kabla ya mvua ya mchana huwa kali, nalo likaingia na upepo, likalala sakafuni. Nikasimama kando ya ukuta wangu kama mtu aliyewekwa kulinda matope. Kijana wa Kapsokwony hakuondoka. Alitua gunia lake, akalikalia.

Ni yeye aliyeona. Alisema, "Ngoja bana. Hapo juu kumefanya nini?"

Kwenye pembe ya juu iliyokabili mlango kulikuwa na uzi. Mwembamba, mweupe kama maziwa. Nilifikiri ni utando wa buibui. Kisha ukarefuka. Hakuna mtu aliyeugusa na ulikuwa unarefuka, unateremka, unakata kona, unapanda tena, na chini yake mwingine ukaanza, na mwingine, mistari sambamba ya kupindapinda kama shamba la mahindi likipigwa plau kwenye mteremko. Udongo wenyewe ulikuwa unabadilika, kutoka mweusi wa maji hadi kijivu, na popote kijivu kilipofika, weupe ulikuwa tayari unangoja pale. Mwekundu ulichelewa. Ulikuja baadaye, pole, kama uso unaopata damu.

Sijui nieleze vipi. Nimejaribu mara nyingi na kufuta. Umewahi kuona kivuli cha wingu kikiondoka juu ya Mlima Elgon, na mashamba yakitokea moja moja kana kwamba yanapandwa hapo hapo? Ilikuwa hivyo, lakini ndani ya nyumba, na karibu hivi kwamba ungeweza kuweka mkono. Harufu ilikuwa ya mvua ya kwanza. Watu walirudi kutoka kwenye picha bila kuitwa. Mama wa viazi alikaa chini sakafuni na gauni lake la kanisa. Fundi cherehani alishika futi lake mikono miwili. Wakubwa wa kaunti walifika wakakuta migongo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliona watu wakubwa wakisimama nyuma na wasiseme wapishwe.

Weusi ulibaki katikati, ukawa kama ziwa, ukapungua. Katika kupungua ulitoa duara, na ndani ya duara vidole vitano vya Senge, ameviburuta kutoka juu hadi chini, alama zake zote zikionekana hata mkunjo wa kidole. Asubuhi nilimwona akifanya hivyo na nikadhani anafuta.

Hakuna aliyepiga makofi.

Senge alirudi akijichokoa meno. Akapenya katikati ya watu, akaangalia ukuta muda mfupi, akaelekeza kidole. "Kule juu nimeharibu," akasema. "Stuli yenu ni fupi." Kisha akaona watu wamekaa chini, akashangaa, akaniuliza mbona wageni hawajapewa viti.

Wakati wa kufunga, Mwalimu alikuja akasimama upande wangu. Nilingoja aseme kitu kuhusu ukuta. Alisema stuli kweli ni fupi. Halafu akaniuliza, huku akiangalia kwingine, "Hii ya Bungoma, utaanza lini?"

Hivyo ndivyo nilivyojua. Mama wa Nairobi alinishika mkono, akanirekebishia jambo moja kuhusu taa, na alikuwa sahihi. Kijana wa Kapsokwony alinikumbusha kwamba Bungoma katikati ni kwake, na imeandikwa hivyo.

Senge yeye alikuwa anafunga ndoo zake. Nilimwambia kwamba watu wa Bungoma nao wanataka ukuta, wa pembeni safari hii. Hakuinua kichwa.

"Nani anakuja?" akasema.

Naandika haya nikiwa Bungoma. Ukuta umesimama, umekandikwa, unakauka mkono wa kwanza. Bado nina shaka kama mimi ndiye niliyefaa kupewa kazi hii. Wako waliosoma zaidi yangu hapa hapa, na nimewaambia kamati majina yao. Lakini maadamu nimepewa, sijabandika tangazo hata moja bado. Jana nilishinda sokoni Misikhu, nikienda meza kwa meza, nikialika kwa mdomo. Mwuza dagaa wa omena amesema atakuja. Wale dada wawili wa mitumba wamesema watakuja kama mvua haitanyesha. Kesho ninarudi tena, upande wa kuku.