Kochi Jekundu la Kiamunyi

Wenzangu, hili ningependa kuzikwa nalo, lakini wanawake wa Kiamunyi walishalisambaza, basi afadhali mlisikie kwangu.

Mnajua mimi sikai mahali (nimekata maua Karagita, nimechuuza soksi Kaptembwo, shule niliiacha mapema), ila kitu kipya kikipita lazima nikiguse. Ndivyo nilivyompata Chebet, fundi wa kompyuta aliyekuwa akijaribu miwani inayokuonyesha fanicha ndani ya nyumba yako kabla seremala hajaichonga. Alitafuta mtu wa kuivaa nyumba kwa nyumba, na siku ya kwanza ya majaribio ndiyo ingeamua kama ni mimi, nami niliitaka kazi hiyo kuliko chakula.

Tukafika kwa Mama Njeri, sebule mpya, tupu, yeye na dada zake wawili.

"Zunguka kwanza bila miwani, uizoee nyumba," Chebet akaniambia.

"Hii najua, madam, usijali," nikajibu (nilijua nini?), nikavaa. Lo! Kochi jekundu, meza ya kioo, vyote vimetulia kama vilizaliwa hapo.

Mama Njeri akaleta chai. "Keti, kijana, kwangu mgeni hanywi chai amesimama."

Sasa mathe akikukaribisha hivyo utakataa? Nikapokea kikombe, nikasema asante, nikaketi. Kwenye kochi. Chai ikaenda ukutani, mimi sakafuni, nikaegemea meza ili niinuke, kumbe meza nayo haipo, nikalala mara ya pili.

"Uui, anaogelea!" dada mmoja akapiga kelele.

Nikaapa kutoamini chochote tena, nikainuka kwa hasira nikapita katikati ya kila kitu, na kigoda chenye chupa ya chai (hicho kilikuwa cha kweli, Mama Njeri alikileta pamoja na chai) nikakipiga teke, chupa ikapasuka.

Kicheko kikakatika. Nikavua miwani, nikaelekea mlangoni, maana kila kazi niliyowahi kuharibu niliulizwa, "Kwani huoni?"

"Ngoja," Chebet akasema. "Ulikuwa unaona nini?"

Nikamwambia ukweli: kati ya kochi na kigoda sikuona tofauti yoyote.

"Basi kosa ni la miwani. Wewe ukianguka, mteja pia ataanguka. Jumatatu uje."

"Na huo ukuta ataupaka rangi yeye," Mama Njeri akasema, huku akiniletea kikombe kingine. Nilikinywa nimekaa sakafuni.

Siku hizi fanicha za miwani zimefifia kidogo, kama zimo nyuma ya pazia, na bado nazunguka na Chebet, nikimshukuru Mungu kwa swali lile moja. Lakini siketi tena popote kabla sijapapasa kwa kiganja, hata kanisani, ambako jirani zangu wa benchi hudhani nafuta vumbi.