Utepe wa Hongera Kwenye Tanzia

Fundi wa tovuti ya chuo alizoea kusifiwa, na sifa zilikuwa zimemkolea. Kwenye chumba cha habari chenye meza tatu na feni moja, ni yeye tu aliyeujua mfumo nje ndani. Wenzake waliandika, yeye ndiye aliyeamua ukurasa upi uruhusu picha, herufi za kichwa ziwe kubwa kiasi gani, kitufe kipi kionekane na kipi kifichwe. Kila kiolezo, ule ukurasa tupu ambao habari humiminwa ndani yake, kilikuwa na sera, yaani masharti ambayo vipengele vya ukurasa huo vilipaswa kuyatii, na masharti hayo yalitoka mkononi mwake.

Meza ya dirishani ilikuwa ya mhariri, mama wa miaka hamsini na saba. Walimwita Bi Nukta, maana hakuna sentensi iliyompita bila kukaguliwa. Alimwita fundi "mwanangu," na hata alipomwonyesha kosa alilofanya alianza kwa "samahani," utadhani kosa ni lake.

Wiki ya mahafali mkuu wa kitengo alitaka kurasa za habari zichangamke. Fundi akafungua sera ya kichwa cha habari, akaongeza utepe wa dhahabu wenye neno HONGERA! uwe unajitokeza wenyewe juu ya kila kichwa. Chini kabisa mfumo ukamwonyesha mstari mdogo: sera hii inatumiwa na violezo viwili. Aliuona. Njaa ilikuwa inamuuma, wenzake walikuwa wanamsubiri mlangoni, akabonyeza "hifadhi" akaenda kula. Hakumwambia mtu kwamba utepe unajiweka wenyewe.

Kiolezo cha pili kilikuwa cha tanzia.

Siku mbili baadaye mkutubi wa zamani wa chuo akafariki. Bi Nukta, aliyefanya naye kazi miaka kumi na tisa, aliandika tangazo huku akijifuta macho, akaliweka hewani. Kwenye dirisha la kuandikia utepe hauonekani; hujitokeza ukurasa ukishakuwa hewani. Asubuhi binti wa marehemu akapiga simu, sauti inatetemeka. Mkuu akafungua ukurasa mbele yao: picha ya mzee wa watu, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kufariki, na juu yake, kwa dhahabu, HONGERA!

"Nani kafanya hivi?"

"Tangazo nimeliweka mimi," alisema Bi Nukta. "Lakini huo utepe, haki ya Mungu, sikuugusa."

Mkuu akamgeukia fundi. "Mfumo unaweza kujiwekea wenyewe?"

Fundi alikuwa ameshajua. Mdomo ukatangulia: "Mfumo haujifanyii mambo wenyewe, bosi."

Ukilipima jibu hilo neno kwa neno, halikuwa uongo, maana mfumo ulifanya alichouagiza yeye. Hilo ndilo lililomtesa baadaye: kwamba hata kwenye hofu ile alipata nafasi ya kuchagua maneno.

Bi Nukta akanyang'anywa ruhusa ya kuchapisha, na aliyeiondoa kwa amri ya mkuu ni fundi huyo huyo. Alipomaliza, akaitenga sera ya tanzia na ile ya habari, kimyakimya, kama mtu anayefuta nyayo. Jioni ile Bi Nukta akaenda peke yake nyumbani kwa marehemu kuomba radhi.

Fundi alijiambia yatapita. Hayakupita. Mkewe alipomuuliza ana nini, alisema ni uchovu, kisha akaona haya kwa kumdanganya na yeye pia. Kazini alianza kuingia mapema ili asisalimiane na Bi Nukta mlangoni.

Siku ya kumi na moja aliona Bi Nukta ana kijitabu. Kila alipobonyeza kitu aliandika: saa, kitufe, ukurasa.

"Unaandika nini, mama?"

"Najichunga, mwanangu." Akacheka kidogo. "Nimeenda kwa daktari wa macho, kasema macho hayana neno. Sasa kanipa barua ya kwenda kupimwa kumbukumbu. Mama yangu mzazi alianza hivihivi. Kwa sababu nimewaza weee, kama mfumo haujiwekei, basi niliweka mimi na sikumbuki."

Fundi alisikia masikio yanawaka. Akavuta kiti, akabaki amesimama nyuma yake.

"Mama, si wewe. Ni mimi. Nilibadilisha sera na sikuangalia ilikogusa. Nilijua tangu asubuhi ile."

Bi Nukta alifunga kijitabu taratibu. Hakupandisha sauti.

"Siku zote hizi umeniacha nijiogope."

Fundi akarudisha kiti mahali pake.

"Nenda kamwambie mkuu. Halafu uende kule nyumba ya msiba. Mimi nililia mlangoni kwa watu kwa kosa lako."

Alikwenda kote kuwili. Mkuu alimsikiliza bila kumtazama, akampa barua ya onyo, akamwamuru amrudishie mama ruhusa yake saa ile ile. Binti wa marehemu alimpokea kizingitini, akamsikiliza akijikanyaga na habari za violezo, kisha akauliza kitu kimoja tu:

"Kwa hiyo yule mama hakuwa na kosa?"

"Hakuwa nalo."

"Basi mimi pia nina deni la kumwomba radhi. Nilimfokea sana." Akaingia ndani, akafunga mlango.

Bi Nukta hakwenda kupimwa; aliichana ile barua ya daktari. Anafanya kazi na fundi vizuri tu, wanaulizana mambo ya kurasa, wanajibizana. Fundi amewahi kuomba ahamishiwe chumba kingine, akakataliwa. Mpaka leo, akimsikia mama huyo akimsimulia mgeni jinsi siku moja alivyodhani amepoteza akili, bila kutaja jina la mtu, anainama kwenye kompyuta yake na kujifanya anatafuta kitu.